Nyayo Kumi na Nusu

Mtu anayesafiri peke yake anahitaji walau mtu mmoja wa kumwuliza kama amekula. Mimi ninao wawili. Wa kwanza ni fundi wa mashine za boti anayeishi Kigoma; wa pili anafundisha hisabati Muskati, na amekaa huko muda mrefu kiasi cha kuvaa sweta akija likizo Tanga. Tulilala bweni moja shuleni, vitanda vitatu vilivyofuatana, na ingawa maisha yametutawanya, hatujapata kupoteana. Tunayo sheria. Yeyote kati yetu aliye safarini peke yake sharti kila jioni atume mambo matatu kwenye kundi letu la simu, kwa sauti yake mwenyewe na si kwa maandishi: alichokula, aliyezungumza naye, na kilichomchekesha. Sheria hiyo aliitunga mwalimu wa hisabati baada ya mimi kuugua malaria siku tatu katika nyumba ya wageni ya Lindi pasipo mtu wa kwetu kujua. Alisema, kwa ukali wa mtu aliyeogopa, kwamba maiti hawezi kulijibu swali la tatu.

Msafiri mkubwa kati yetu ni mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kusoma hati za kale na kuzifundisha, na hati hazina desturi ya kumfuata mtu alipo. Mwaka huo nilikaa Mtwara wiki tano. Nilipanga chumba mtaa wa Ufukoni, na kila asubuhi nilikwenda Mikindani, kwenye nyumba za familia zilizokubali kunifungulia makasha yao, kusoma madaftari yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu juu ya nyakati za sala. Ni elimu nzuri mno. Kabla saa za ukutani hazijaenea, watu wa pwani hii walipima kivuli cha mwili kwa nyayo za miguu, na waandishi wa madaftari hayo walipanga, mwezi baada ya mwezi, kivuli kifikie nyayo ngapi ndipo Alasiri iingie. Nimeitumikia elimu hiyo sehemu kubwa ya utu uzima wangu. Nalitaja hili mapema ili msomaji aweze kuupima vizuri uzito wa upumbavu utakaofuata.

Jioni moja nilikuwa nikimenya ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa kwa mafungu katika soko la Chikongola, nikiiandaa iwe jambo langu la kwanza, mara simu ikaita: fundi, ametuunganisha sote watatu.

"Ndugu zangu," alisema, "Jumamosi naoa. Baada ya Alasiri. Msicheke."

Tulicheka kwanza, kisha tukaogopa, kwa maana tulimjua. Alikuwa na miaka hamsini na sita na alikwisha kuikimbia ndoa mara mbili. Mara ya kwanza alitoka kwenda kununua sukari wazee wa upande wa pili wakiwa sebuleni, akarudi baada ya siku nne, na sukari mkononi. Mara ya pili alivaa kanzu, akafika mpaka mlangoni mwa msikiti, akasikia mashine ya boti ikikohoa ziwani, akaenda kuitazama. Boti ilipoondoka alikuwa ndani yake. Bibi harusi wa siku hiyo ya pili, mwalimu mstaafu na mjane, mwanamke mwenye subira isiyo ya kawaida, ndiye huyuhuyu aliyekuwa anamwoa sasa, naye alimpa neno moja tu: "Safari hii ukikimbia, sitauliza ulikokwenda."

"Hilo ndilo linaloniogopesha," fundi alituambia. "Mara ile aliuliza. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Simu itakuwa katika mfuko wa kanzu, hapa juu ya moyo, na sauti yake nitaifungulia. Kuanzia mlangoni mpaka nitakapotamka, nataka niwasikie nyote wawili. Mmoja hatoshi. Nikiwasikia nyote nitadhani niko bwenini, na bwenini sikupata kukimbia."

"Ulikimbia siku ya sindano," akasema mwalimu wa hisabati.

"Siku ya sindano nilikimbia kabla hamjanishika mikono. Mliponishika, nilidungwa."

Hilo lilikuwa kweli. Mimi nilishika wa kushoto.

"Na msimwambie mtu," akaongeza. "Nikikimbia, nataka aibu iwe ndogo."

Nikaahidi. Ahadi ya saa ndiyo ahadi rahisi kuliko zote kwangu. Wanafunzi wangu wanasema darasani kwangu hata jua hubisha hodi. Lakini Jumamosi hiyo nilikwisha kuipa kazi nyingine. Katika kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma kulikuwa na muadhini aliyesemekana kwamba mpaka leo anaipima Alasiri kwa nyayo, na alikuwa amekubali kunichukua siku hiyo akirudi kutoka mjini. Ningelala kwao, na Jumapili ningekiona kipimo kwa macho yangu. Sikuona mgongano wowote. Alasiri ya Mtwara siku hizo iliingia saa tisa na dakika arobaini na tano. Kilichotakiwa ni mimi niwe mahali penye mtandao robo saa kabla.

Saa yangu ya mkononi niliiacha kwa fundi wa saa Chikongola, maana ilikuwa imeanza kuchelewa dakika mbili kwa siku, jambo nisiloweza kulivumilia. Nikabaki na ya simu, niliyoiamini kabisa.

Nilikuwa nimemtarajia mkongwe. Akaja mwanamume wa miaka arobaini hivi, mkulima wa korosho na mihogo, na mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho ukiwa umefungwa mbele yake juu ya tangi la pikipiki. Tuliswali Adhuhuri mjini. Aliponiuliza asili yangu nikamwambia mama yangu alikuwa Myao, na uso wake ukang'aa kama wa Mmakonde aliyeokota mtani bila kumtafuta.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Panda. Nitakwenda taratibu, usije ukasahau ulikotoka."

Njia nzima alinitukana kwa ukarimu. Mikorosho ilikuwa inachanua pande zote mbili na harufu yake ilinilevya kidogo. Mahali fulani kwenye mwinuko alisimamisha pikipiki akanionyesha kichuguu kikubwa kando ya barabara, kimekanyagwa juu mpaka kikawa laini kama kizingiti.

"Hii ndiyo posta yetu. Mbele ya hapa mtandao wa kwetu unakufa, unaanza wa Msumbiji. Mwenye mtu wake wa kuzungumza naye anarudi hapa, anapanda juu."

"Ni umbali gani kutoka kijijini?"

"Nusu saa, kama mchanga uko radhi."

Nikapiga hesabu: nitoke kijijini saa tisa kamili, nifike kichuguuni saa tisa na nusu. Tulipowasili nikaitazama simu. Ilikuwa saa saba na nusu. Safari ambayo kila mtu aliniambia ni ya karibu saa mbili tulikuwa tumeimaliza kwa dakika arobaini na tano, pamoja na kusimama. Nilistaajabu, kisha nikatoa daftari nikaandika kwamba mazungumzo mazuri hufupisha njia. Maneno hayo yapo mpaka leo, kwa mwandiko wangu, kwa wino.

Mke wa muadhini alituandalia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Muadhini akaniambia nimwamshe nikitaka kupelekwa posta, akajinyoosha ndani; nami nikakaa kwenye baraza ya msikiti nikimenya korosho, huku nikijisikia mtu aliyejaaliwa saa za ziada. Simu ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa Kireno ambao, kwa kadiri nilivyoweza kukisia, ulinikaribisha Msumbiji. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimeingia nchi ya kigeni nikiwa nimeketi, nimevua viatu. Nikajaribu kumpigia fundi nimwambie. Akanijibu mwanamke, kwa Kireno, kwa adabu kubwa, maneno marefu ambayo maana yake ilikuwa hapana. Nikaliweka hilo liwe jambo langu la tatu la jioni.

Nilikuwa bado natabasamu muadhini alipotoka ndani, akasimama uwanjani akiupa mgongo mwanga wa jua, akatazama ncha ya kivuli chake ilipofika, kisha akaanza kukiendea, kisigino mbele ya kidole, polepole, midomo ikihesabu. Mguu wa mwisho aliugawa katikati. Akaingia msikitini akaadhini.

Simu ilionyesha saa nane na dakika arobaini na tano.

Nakiri kwamba nilisisimkwa. Mtafiti hapati mara nyingi kosa safi namna hiyo, la saa nzima, bila dakika ya ziada. Niliandika: "Kipimo cha nyayo kimewahi kwa saa moja kamili, huenda jedwali lililorithiwa limeharibika." Nikapigia mstari neno "limeharibika." Kisha nikamfuata kwenye mtungi wa udhu.

"Ustadhi," nikasema, kwa upole wa mtu mwenye ushahidi mkononi, "umeadhini saa nane na dakika arobaini na tano."

"Nimeadhini kivuli kikiwa nyayo kumi na nusu."

"Lakini saa..."

Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akanitazama mimi, akawageukia wanaume watatu waliokuwa wakiosha miguu.

"Njooni muone. Simu ya Myao imevuka mto, mwenyewe kabaki huku."

"Mwache," akasema mmoja wao. "Wayao wana haraka ya kuondoka. Kufika ndiko kunawasumbua."

"Mwalimu," muadhini akanieleza, akijizuia kucheka kwa ajili ya heshima, "hapa simu zinafuata saa ya Msumbiji. Wale wako nyuma yetu saa moja. Sisi tukipanga jambo tunaulizana kwanza: saa ya simu au saa ya jua? Hata saa ya ukutani ile inaishiwa betri kila mwezi. Miguu yangu haijaishiwa bado."

Nilihisi damu ikinishuka mpaka kwenye hizo nyayo. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na tano. Alasiri ilikuwa imeingia, nami nilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kichuguuni. Katika mji ulio upande wa pili wa nchi mtu alikuwa ameufikia mlango wa msikiti, anasikiliza mfuko wa kanzu yake, na mfuko una sauti moja tu. Siri ikanitoka yote, na sukari, na boti, na mjane, na sindano.

Wanaume wale waliacha kuosha miguu.

"Alirudi na sukari kweli?" akauliza mmoja.

"Nipeleke sasa hivi, ustadhi."

"Tuswali kwanza. Ndoa haikimbii."

"Ndoa haikimbii. Anayekimbia ni bwana harusi."

Akafikiri. "Basi imamu asome sura fupi."

Imamu, ambaye alikuwa mmoja wa wale watatu, alisoma sura mbili fupi kuliko zote azijuazo, na baada ya salamu aliniombea mimi, akamwombea fundi, akaiombea pikipiki. Tukaondoka. Sitaieleza safari ile kwa ukamilifu kwa sababu sehemu yake kubwa nilifumba macho. Mchanga haukuwa radhi. Mara mbili tuliteleza tukaingia kwenye mashina ya mihogo, mara moja kofia yangu iliruka na muadhini akakataa kuirudia, akisema bwana harusi ana thamani kuliko kofia, ingawa kwa huyo wa kwangu hakuwa na hakika. Nilikuwa nacheka. Sijui kwa nini. Hofu ilikuwa kubwa, na kila ilipozidi ndivyo kicheko kilivyonitoka, na muadhini akicheka kwa sababu mimi nacheka, tukapita hivyo katikati ya mikorosho kama watu waliotoroka na mali ya mtu.

Juu ya kichuguu alikuwapo mama mmoja wa makamo, amejifunga vitenge viwili, simu ameinyanyua hewani.

"Mama, nisaidie nipite mbele," nikamwomba. "Kuna mtu anaoa."

"Na mimi kuna mtu anaumwa jino huko mjini, Likombe," akajibu. "Lakini huyo wa jino hatakwenda popote. Panda, babu."

Nilipanda. Saa ya simu ikajirekebisha mbele ya macho yangu, kwa utulivu, kana kwamba haijafanya lolote: saa kumi na dakika ishirini na nane. Nikapiga. Mwalimu wa hisabati akaunganishwa kwanza, kisha fundi.

"Umekwisha kuoa?" nikauliza.

"Mbona unahema?" akasema fundi.

"Nimechelewa. Nisamehe. Umekimbia?"

"Nikimbie wapi? Nina sabuni kichwani."

Sikuelewa. "Alasiri imepita," nikasema.

"Alasiri ipi? Huku hata hawajaadhini."

Muskati akaanza kucheka, kicheko kile cha bwenini kinachoanza puani.

"Wewe," alisema mwalimu alipoweza kusema, "kati ya hapo ulipo na Kigoma kuna karibu nyuzi kumi na moja za longitudo. Jua linachukua dakika nne kwa kila nyuzi. Si uliandika kitabu juu ya jambo hili?"

"Sura moja," nikasema.

"Alasiri ya Kigoma iko nyuma ya yako kwa robo tatu za saa. Nilidhani unajua. Nilidhani wewe ndiye pekee unayejua."

Nikawaeleza basi habari ya simu iliyovuka mto. Hapo nilipaswa kunyamaza, kwa kuwa mwalimu wa hisabati hawezi kuachiwa namba.

"Ngoja. Kama ungeendelea kuiamini ile saa mbovu, ungetoka kijijini saa kumi za kweli. Ungefika hapo saa kumi na nusu, muadhini wa Kigoma akisafisha koo. Ungebaki katika ujinga wako kwa utulivu, ungefika kwa heshima, na kofia."

Na kweli, kabla hajamaliza, kutoka ndani ya simu, kwa mbali, nyuma ya maji yanayomwagika, ikasikika adhana ya Kigoma. Muadhini wangu alisogeza sikio kwenye kichuguu, akatazama kivuli chake, akatikisa kichwa.

"Wamechelewa," akasema.

Fundi alikwenda kuswali, nasi tukangoja. Nilimpisha mama ampigie dada yake wa jino, akampa maelekezo ya karafuu, kisha akamsimulia habari zangu zote kuanzia sukari. Aliposhuka hakuondoka. Akaketi kwenye mzizi akasema naye anataka kusikia mwisho.

Simu ya fundi ilirudi hewani ikiwa mfukoni. Tulisikia kanzu ikisugua, viatu vikivuliwa, watu wakiambiana wasogee. Tulisikia moyo wake, au nilidhani hivyo.

"Mpo?" akanong'ona.

"Tupo," tukasema, Muskati na Ruvuma.

"Unazungumza na nani?" ikauliza sauti nzito, ya shehe.

"Na rafiki zangu, shehe. Wako mbali."

"Mashahidi ninao hapa wawili. Hao wa mbali watakula pilau ya mbali. Tulia."

Khutba ikasomwa, ikaisha. Shehe akatamka kwamba amemwoza mke huyo kwa mahari waliyopatana. Kisha pakawa kimya.

Nimesoma maelfu ya kurasa zilizoliwa na mchwa, na ninajua kuvumilia pengo katikati ya sentensi. Lile sikuliweza. Juu ya kichuguu mtu hana njia ya kutofautisha kimya cha mtandao na kimya cha mtu anayetazama mlango. Mwalimu naye hakusikika.

"Umehama," muadhini akaniambia kutoka chini. "Mguu wa kushoto ulikuwa pembeni. Rudisha. Inua mkono. Huo mwingine."

Nikasimama kwa mguu mmoja, simu juu ya kichwa, nikapaza sauti kuielekea Kigoma nzima:

"Tupo. Tumekushika. Mimi wa kushoto."

"Na mimi wa kulia," ikatokea Muskati, imekwaruza.

Kikapita kitambo kidogo mno, ambacho sikukipima.

"Nimekubali kumwoa," akasema fundi, "kwa mahari tuliyopatana." Akarudia. Akarudia tena, mpaka shehe akamwambia imetosha, hakuna anayemnyang'anya.

Yule mama alipiga vigelegele. Vilikuwa vya kutosha harusi tatu. Vilitoka Ruvuma vikaingia katika mfuko wa kanzu msikitini Kigoma, na tukasikia shehe akiuliza nani kamwingiza mwanamke mfukoni. Muadhini alikuwa amekaa kwenye mchanga akifuta machozi. Nilishuka, nikatoa daftari ili nikate ile sentensi ya jedwali lililoharibika, lakini akanizuia. Alitaka ibaki, na chini yake niandike kwamba imeandikwa na Myao. Niliandika.

Asubuhi ya pili, baada ya kusimama juani nikahesabiwa kivuli changu mwenyewe, nilirudi posta kutuma ripoti yangu, nikakuta ya fundi imetangulia, ingawa yeye hakuwa safarini na sheria haikumhusu.

"Nimekula mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi," ilisema sauti yake. "Nimezungumza na mke wangu. Kilichonichekesha..." Hapo akasita, na nyuma yake mwanamke akasema jambo ambalo simu haikulishika, wakacheka wote wawili muda mrefu, mpaka ujumbe ukakatika.